Mswada wa Kwanza Umekwenda Wapi?

Waandishi wa riwaya na hadithi fupi hawaishi kulijadili swali hili: je, rasimu ya kwanza iandikwe kwa mkono, au ichapwe moja kwa moja kwenye kompyuta? Anayeipendelea kalamu husema kuwa mkono huenda kwa mwendo wa fikra, na kwamba karatasi haina haraka. Anayeipendelea kompyuta hujibu kuwa riwaya ni kazi ya kuandika na kuandika tena, na kwamba hapana sababu ya mtu kujichosha kwa kunakili upya ukurasa mzima kwa ajili ya sentensi moja. Mara nyingi mjadala huu hugeuzwa ukawa ni shauri la jadi na usasa, kana kwamba kalamu ni mali ya mababu na mashine ni mali ya wajukuu. Historia ya uandishi katika pwani ya Afrika ya Mashariki inaonyesha kuwa jambo lenyewe halikuwa jepesi hivyo. Kila zana iliyoingia ilikuja na maswali matatu: nani atanakili, herufi zipi zitakubalika, na lile lililofutwa litabaki wapi?

Zana ya awali ilikuwa kalamu ya mwanzi na wino, na herufi zilikuwa za Kiarabu. Katika tendi nyingi mtunzi huanza kwa kuitisha wino na karatasi, na mara nyingine humwamuru mtu mwingine ashike kalamu huku yeye akisema. Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo wa Athumani aliutunga Pate, una nakala yenye tarehe ya mwaka 1728, na beti zake zinapindukia 1,100. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ulikuwa wasia wa mama kwa binti yake, lakini ulitoka nyumbani humo ukaenea pwani nzima kwa sababu watu waliunakili na kuuhifadhi moyoni. Kutunga na kuandika zilikuwa kazi mbili, ambazo aghalabu ziligawanywa kati ya watu wawili. Mwenye khati nzuri aliheshimiwa kama fundi. Katika Lamu, Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga mbao, mwanamuziki na mnakili kwa pamoja. Wataalamu wa Ulaya waliomwagiza nakala za tendi walizipeleka Uingereza na Ujerumani, na humo zimehifadhiwa hadi leo.

Hata hivyo, tukizitazama nakala hizo tutaona kuwa karibu zote ni nakala safi. Kwa nadra mno tutakuta ukurasa ambao mtunzi amekata neno, akaandika jingine juu yake, kisha akalirudia lile la mwanzo. Hili halishangazi. Mtunzi wa ushairi alikuwa na karatasi nyingine isiyoonekana, nayo ni moyo wake. Aliupanga ubeti kichwani, akaupima kwa sikio, na ulipofika kwenye wino ulikuwa umekwisha kukomaa. Vina na mizani vilikuwa ndio walinzi wake. Mnakili aliyeruka silabi moja alifichuliwa na mizani, na aliyebadili neno la mwisho aliumbuliwa na kina. Ulinzi huo haukuwa kamili, kwani nakala za Al-Inkishafi, kwa mfano, hazilingani zote katika idadi ya beti wala mpangilio wake. Lakini ulitosha kuuvusha ushairi kutoka kizazi kimoja hadi kingine hata pale karatasi ilipoliwa na mchwa.

Nathari haina mlinzi wa namna hiyo. Sentensi ya riwaya ikipungukiwa na neno, sikio halishtuki. Aya nzima ikiondolewa, msomaji huenda asijue kwamba iliwahi kuwapo. Isitoshe, hakuna mtunzi awezaye kuibeba riwaya ya kurasa mia mbili moyoni neno kwa neno, kama alivyoweza kuubeba utendi wake. Kwa hiyo mwandishi wa hadithi hutegemea kile alichoandikia kuliko anavyokitegemea mshairi. Mshairi akipoteza karatasi huweza kughani upya. Mwandishi wa riwaya akipoteza mswada amepoteza kazi. Hii ndiyo sababu swali la zana ni zito zaidi kwa riwaya kuliko kwa shairi.

Kabla ya kuwa kitabu, hadithi ya Kiswahili ilikuwa ni kitu cha kusimuliwa. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyewasili Unguja mwaka 1864, alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizozipata kwa wenyeji wa Unguja. Hadithi hizo zilitoka mdomoni zikaingia katika herufi za Kirumi. Katika Unguja ya karne ile ya kumi na tisa, mitambo miwili ya uchapaji ilifuata njia mbili. Mtambo wa misheni ulichapa Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na mtambo alioanzisha Sultani Barghash ulichapa vitabu vya Kiarabu kwa herufi za Kiarabu. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kiliachwa mikononi mwa wenye kalamu. Kilipoundwa chombo cha kusanifisha Kiswahili mwaka 1930, chini ya serikali za kikoloni, kitabu cha shule na kitabu cha hadithi vilikuwa vimekwisha kufungamana na herufi za Kirumi.

Tapureta ilikuja kukikaza kifungo hicho. Tapureta za herufi za Kiarabu zilikuwapo, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya lugha ya Kiarabu, ambayo haina sauti zote za Kiswahili. Mwenye kalamu aliweza kuongeza nukta tatu chini ya herufi ili ipatikane "p", au kuibadili alama ya irabu ili "e" isisomwe "i". Katika Mombasa, Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890 na ambaye ndiye tunayemshukuru kwa kuhifadhiwa tungo za Muyaka, alishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na hatimaye pakapatikana mwandiko wa Kiarabu uliozitofautisha vyema sauti za Kiswahili. Mkono unaweza kurekebisha namna hiyo. Kitufe cha chuma hakiwezi. Aliyetaka kupiga chapa hadithi ya Kiswahili alipaswa kuipiga kwa Kirumi au asiipige kabisa. Ndivyo ilivyotokea kwamba kwa miaka mingi pwani ilikuwa na fasihi mbili zilizokaa nyumba moja: ushairi ulioendelea kuandikwa na kupokezanwa kwa khati, na nathari iliyozaliwa ndani ya herufi za mashine.

Mwaka 1960 ilichapishwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na msomaji akakutana na Bwana Msa, mpelelezi na kiko chake. Baadaye zikafuata kazi za Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed na Shafi Adam Shafi, na visiwa hivi vikawa ndio chemchemi ya riwaya ya Kiswahili. Kazi hizo tunazo kama vitabu. Lakini mtafiti anayetaka kujua jinsi mhusika alivyobadilika kutoka rasimu ya kwanza hadi ya tatu, au sura ipi ilitolewa, hana pa kushika kwa wepesi. Mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao J. W. T. Allen aliuorodhesha katika katalogi ya mwaka 1970, ni hazina ya tendi, mashairi na nyaraka za kale. Wakusanyaji waliithamini khati ya mababu. Ukurasa wa riwaya uliojaa mikato haukuonekana kuwa ni urathi. Ulionekana kuwa ni karatasi iliyokwisha kazi yake.

Zama hizo hizo za tapureta ndizo zilizotoa ushahidi mkubwa zaidi wa nguvu ya mkono. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijarida alichokiandika dhidi ya serikali ya Kenya. Mashairi yaliyokuja kuwa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, aliyaandika gerezani juu ya karatasi za chooni. Mwaka 1978 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika juu ya karatasi kama hizo riwaya yake ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotoka mwaka 1980. Tofauti ya kazi hizi mbili inafaa kuzingatiwa. Karatasi za Abdilatif zingechukuliwa, vina na mizani vingemsaidia kuzikumbuka beti zake. Karatasi za Ngũgĩ zingepotea, riwaya ingepotea nazo, na lolote ambalo angeliandika baadaye lingekuwa ni riwaya nyingine.

Wakati Abdilatif akielekea kufungwa, mbali sana na gereza lolote, katika jiji la London, mzigo wa riwaya ulikuwa ukitafutiwa dawa ya namna nyingine. Mwandishi Len Deighton alikuwa akiandika Bomber, riwaya ya shambulio moja la ndege za kivita za Uingereza juu ya mji wa kubuni wa Ujerumani. Matukio yake yamebanwa ndani ya saa ishirini na nne, na wahusika ni wengi, wa pande zote mbili. Badiliko moja la saa au la ndege lililazimu kurasa nyingi zipigwe chapa upya, na aliyezipiga ni katibu wake. Mwaka 1968 akakodi mashine ya kampuni ya IBM iliyoitwa MT/ST, tapureta iliyounganishwa na utepe wa sumaku. Ilikuwa na uzito wa kilo 90 hivi, na ilibidi dirisha la nyumba liondolewe ili iingizwe. Haikuwa na kioo. Maneno yalihifadhiwa katika utepe, yakasahihishwa, kisha mashine ikajipigia yenyewe nakala safi. Riwaya ilitoka mwaka 1970, na mtafiti Matthew Kirschenbaum, aliyeichunguza historia hii katika kitabu chake cha mwaka 2016, anaitaja kuwa huenda ndiyo riwaya ya kwanza iliyoandikwa kwa mashine ya namna hiyo.

Kisa hiki kinatufunza kuwa programu ya kuandikia haikuanza kwa nia ya kumfikirisha mwandishi upya. Ilianza kwa ajili ya kumpumzisha mnakili. Yule mwenye khati wa Lamu na yule katibu wa London walifanya kazi moja, na mashine ilikuja kukaa mahali pao. Ilipofika kompyuta ya mezani, mwandishi na mnakili wakawa mtu mmoja. Hapo faida ilikuwa kubwa, na hapana haja ya kuipunguza. Mwandishi asiye na katibu, asiye na fedha za kumlipa mpiga chapa, aliweza kuipanga upya riwaya yake usiku mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji wake kwa Kiswahili. Herufi za Kiarabu nazo, pamoja na zile za nyongeza ambazo Kiswahili kinazihitaji, zimepata nafasi katika kompyuta. Lango lililofungwa na kitufe cha chuma limefunguka tena kwa yeyote atakayetaka kupita.

Lakini hasara nayo ipo, na ni ya aina mbili. Ya kwanza ni mstari mwekundu. Programu iliyofundishwa Kiswahili sanifu humpigia mstari mwandishi wa Mombasa au Lamu anayeandika "ndia", "nti" na "mato", kana kwamba lugha ya Muyaka ni makosa ya tahajia. Kalamu haikuwahi kumsahihisha mtu lahaja yake. Mwandishi mchanga anayeandika mazungumzo ya bibi wa Kiamu, na kuona kila neno la bibi huyo limetiwa doa, atahitaji ushupavu ili amwache aseme kwa ulimi wake.

Hasara ya pili ni ukimya wa lile lililofutwa. Kwenye karatasi, neno lililokatwa bado linasomeka chini ya mkato. Kwenye kompyuta, neno likifutwa na faili likihifadhiwa juu ya lile la jana, hakuna tena jana. Faili za miaka iliyopita zilifia katika diski ambazo leo hazina mashine ya kuzisoma, ilhali karatasi ya Pate ya mwaka 1728 bado yasomeka.

Basi mwandishi wa hadithi achague nini? Historia haimlazimishi. Anayeandika kwa mkono akumbuke kuwa tendi zilidumu kwa sababu zilinakiliwa, na daftari moja lililofungiwa kabatini ni mateka wa mvua na mchwa. Atafute wa kulinakili, au alipige picha, kabla hajalisifu. Anayeandika kwa kompyuta na ahifadhi kila rasimu kwa jina na tarehe yake, achapishe baadhi yake kwenye karatasi, na aizime ile sauti nyekundu anapoandika lahaja yake. Wenye maktaba na makumbusho wa visiwani nao wana sehemu yao: waanze kuyaomba madaftari yaliyochafuka na faili za zamani kwa waandishi wangali hai, kama wenzao walivyozitafuta khati za kale nyumba kwa nyumba. Ushairi umefika kwetu kwa kuwa ulizaliwa na walinzi wake. Riwaya ilizaliwa bila walinzi, na kazi ya kuilinda imewabakia wenye kuiandika na wenye kuipokea.