Isale, Minyaa na Seng'enge

Katika shule zetu tumefundisha mipaka kwa miaka mingi, lakini mipaka mikubwa tu. Mwanafunzi aliweza kueleza Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na mapatano ya mwaka 1886 ambapo Waingereza na Wajerumani walipiga mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, mstari ukapinda na kuuzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Mtoto huyo huyo ukimwuliza kwa nini babu yake alipanda isale mahali fulani na si hatua tatu mbele, hana jibu. Mpaka wa Umba haujamfikisha mwananchi mmoja kati ya elfu mbele ya hakimu. Mpaka wa babu umewafikisha wengi.

Ndiyo maana nataka kusema machache juu ya mipaka hii midogo. Kila mpaka wa shamba hujibu maswali mawili. La kwanza ni: changu kinaishia wapi? La pili ni: nani ninayemzuia asiingie? Swali la kwanza hujibiwa kwa kuonyesha kwa kidole. La pili hujibiwa na kitu chenyewe kilichopandwa au kujengwa mpakani. Ukitazama vizuri kitu hicho, utajua wenye shamba waliogopa nini.

Tuanze na Uchagani. Kihamba cha Mchaga ni shamba la migomba, na baadaye migomba na kahawa, lenye nyumba katikati. Ni mali ya ukoo, hurithiwa kwa baba, na wazee huzikwa humo. Kipo tofauti na shamba la tambarare, ambalo zamani Mangi aliwagawia watu kwa ajili ya ulezi na mahindi. Mpaka wa kihamba ni isale, mmea wa jamii ya Dracaena wenye majani marefu ya kijani. Ukikata kijiti chake na kukichomeka ardhini, huota. Hustahimili ukame na huishi vizazi kadhaa.

Mgeni akiona safu ya masale hujiuliza: huu ni uzio wa namna gani? Mbuzi anapenya, mtoto anapenya, hata mwizi anapenya bila kuchubuka. Ni kweli. Lakini tukumbuke kwamba ng'ombe wa Mchaga hakuzurura. Alifungwa ndani, akaletewa majani na majani ya migomba, na wanawake ndio waliopanda mlima na mizigo ya nyasi vichwani kutoka tambarare. Hapakuwa na kundi la kuzuia. Tena mifongo ya maji ilipita kihamba hadi kihamba, na watu walipita kwenda kuisafisha. Uzio wa kuwazuia watu ungewanyima wote maji. Kilichotakiwa hapo ni shahidi, na isale ni shahidi mzuri. Mti wa zamani una shina nene lililopinda. Ukipandikizwa kijiti kipya hatua mbili ndani ya kihamba cha jirani, kila mtu atauona ujana wake.

Lakini nguvu ya isale haikutoka kwenye shina. Mmea huo huo ndio wa kuombea msamaha. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale, na ni vigumu sana kwa mwenye kuletewa kulikataa, maana kulikataa ni kujitenga na jamii. Basi aliyeng'oa isale usiku hakuiba ardhi tu, bali alichezea kitu ambacho kesho angekihitaji ili asamehewe. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi, alichapisha mwaka 1926 kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachaga. Kwamba kilihitajika kitabu kikubwa yatosha kutuonyesha kwamba palikuwa na sheria kabla ya karatasi.

Tukishuka kwenda Dodoma, Singida na Usukumani, tunakuta hali nyingine. Huko ng'ombe na mbuzi hutembea, na anayeogopwa ni mnyama. Isale haitoshi. Watu walipanda minyaa, ambayo haina majani ya kumshawishi mbuzi, na utomvu wake mweupe ukiingia jichoni mtu huona cha moto. Pengine walikata miiba na kuipanga kuwa boma. Hata hivyo Wasukuma walikuwa pia na ngitili, eneo la malisho lililotengwa kwa ajili ya kiangazi, na ngitili nyingi hazikuwa na uzio wa maana. Zililindwa na makubaliano ya wakubwa wa mahali, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulipata mafanikio hasa kwa kuifufua desturi hiyo. Wataalamu walikuta kazi kubwa imekwisha kufanywa na wazee.

Pwani hofu ilikuwa ya tatu: mwizi wa usiku. Mnazi hauwezi kuingizwa ndani, na nazi hazina alama ya mwenyewe. Tena pwani mara nyingi minazi ilikuwa ya mtu huyu na ardhi ya mtu yule, hivyo mpaka wa ardhi peke yake haukumsaidia mwenye mnazi. Ndipo palipokuja kago, yaani dawa ya kulinda shamba: kichupa, kitambaa au kifuu kilichoning'inizwa mtini ili kila apitaye aone. Sitaki kubishana kama kago lilikuwa na nguvu yake lenyewe. Najua lilifanya kazi kwa mtu aliyeamini, na halikufanya kazi kwa mgeni asiyejua maana yake. Hiyo ndiyo kasoro ya alama zote za namna hii. Hulinda mali ndani ya jamii yenye lugha moja ya alama.

Mgeni asiyejua lugha hiyo alikuja. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya Dola. Nani wa kuthibitisha kwamba ina mwenyewe? Masale hayasemi Kijerumani, na malisho yaliyopumzishwa yakaonekana kuwa pori. Baadaye mashamba mengi ya walowezi yakazungushiwa safu za mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na waya wa seng'enge, ambao Joseph Glidden wa Marekani aliuandikisha mwaka 1874 kwa ajili ya kuzuia ng'ombe wa mbugani. Huku kwetu seng'enge ilizuia watu pia, na mara nyingine waliozuiwa walikuwa wenye ardhi wa jana. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kueleza shauri lao. Ardhi haikurudi kwa hotuba ile, lakini dunia ilisikia kwamba nyuma ya seng'enge kulikuwa na mipaka mingine.

Basi tungekuwa tumemaliza kama adui angekuwa mgeni siku zote. Sivyo. Kahawa ilipopata soko, chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro kikaundwa mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Kihamba kikawa na bei. Watu nao wakaongezeka. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu wapatao 650,000 mwaka 1967. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8. Mlima haukuongezeka. Kihamba kilichogawiwa wana wawili, kisha wajukuu sita, leo kina masale ndani ya masale, na anayeogopwa si mbuzi wala mlowezi. Ni ndugu wa tumbo moja.

Hapa lazima tuseme ukweli ambao wasifia mila huuruka. Shahidi wa isale alihitaji mkalimani, na mkalimani alikuwa mzee wa ukoo, mwanamume. Mume akifa, mjane alibaki na mti ambao hakuwa na haki ya kuusemea. Safu ilisogea kidogo kila masika, na kikao kilichoitwa kuamua kilikuwa cha ndugu wa yule aliyeisogeza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua, katika shauri lililotoka Uhayani, kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ikasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha, lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Hili ni jambo kubwa, na isale peke yake isingeweza kulifanya.

Kwa hiyo simo katika kundi la wanaodharau karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, ikatengua vifungu vya sheria ya mwaka 1992 vilivyotaka kuzifuta haki hizo vijijini. Leo mwanakijiji anaweza kupata hati ya haki miliki ya kimila, na bikoni ya zege haipindiki kama shina la isale.

Lakini karatasi nayo huandika kile inachoambiwa siku ile. Wenzetu wa Kenya walijifunza hili kwa uchungu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliunganisha vipande vya ardhi na kuviandikisha wakati maelfu ya wanaume wa Kikuyu wako kizuizini. Asiyekuwepo hakuwa na wa kumsemea, na rejista ikamsahau kihalali kabisa. Kosa halikuwa la wino. Walioonyesha mpaka hawakuwa wote waliohusika nao.

Hapo ndipo ulipo wajibu wetu sisi wazee wa leo. Wapimaji wakija kijijini, majirani huitwa kutembea mpakani na kukubaliana. Siku hiyo ni fupi, na wengi wanaojua masale ya kweli ni yapi wana miaka sabini na zaidi. Mzee anayengoja aulizwe na baraza anaweza kuulizwa amekwisha kufa. Afadhali atembee mpaka wake sasa, akiwa na nguvu, pamoja na jirani yake, wana wake na binti zake, na mke wake akiwa mbele, awaonyeshe kila mti na kusema nani aliupanda na mbele ya nani. Kama safu imesogezwa, na ajuaye hilo yu hai, airudishe yeye mwenyewe. Jani la isale bado linapatikana pale pale mpakani.