Nyama wa Pori, Majani ya Milima na Amani Yetu

Leo tuongee juu ya historia ya nyama wa pori na ya majani wanayokula ng'ombe. Wamoja watasema: tumefukuzwa kwetu, mihogo imebaki shambani, na mwalimu anatuletea habari ya masokwe? Ngojeni kidogo. Penye nyama na majani ndipo mipaka huchorwa. Na mpaka ukichorwa wakati wewe hauko, utaukuta siku ya kurudi.

Tuanze ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, ambako wengi wenu mliishi ukimbizini Lugufu na Nyarugusu. Kaskazini ya mji huo kuna Gombe. Jane Goodall alifika pale Julai 1960 kuchunguza sokwe, na mwaka 1968 serikali ya Tanzania ilipafanya kuwa hifadhi ya taifa. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, wapiganaji wa PRP, waliokuwa na ngome yao katika milima yetu ya Fizi, walivuka ziwa na kuteka wanafunzi wanne wa kigeni. Wanafunzi hao waliachiliwa baadaye, lakini kisha utekaji wageni waliokuwa wakisoma pale waliondolewa. Nani aliendelea na kazi? Ni Watanzania waliokuwa wamefundishwa kufuata sokwe kila siku na kuandika waliyoyaona. Hapo kuna somo la kwanza: mgeni hukimbia bunduki, na feza yake humfuata. Mwenyeji anayeijua kazi ndiye anayeilinda.

Turudi kwetu Kongo. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha Parke Albert, parke ya taifa ya kwanza katika Afrika. Leo inaitwa Virunga. Katika miaka ya 1970 mbuga za majani na mito ya kando ya ziwa Edward zilikuwa na viboko karibu 30,000. Kisha vita na uwindaji wa bunduki, katika miaka ya 2000 walibaki karibu 1,000. Wavuvi wa huko nao waliumia. Kiboko hula majani usiku, hurudi majini mchana, na mavi yake huongeza chakula cha samaki. Ninyi wavuvi wa Baraka mnaelewa bila kufundishwa: anayeharibu majani ya juu anagusa pia nyavu za chini.

Karibu na Bukavu kuna Kahuzi-Biega, parke tangu 1970. Watalii walikuja kuona gorila, na franka ziliingia. Lakini mwaka 1975 parke iliongezwa, kutoka kilometa mraba 600 hivi mpaka 6,000, na Batwa waliokuwa wakiishi msituni waliondolewa bila fidia. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali ilivunja haki zao. Karibu miaka 50 ilipita! Somo la pili: utajiri unaojengwa juu ya watu waliofukuzwa huzaa kesi na chuki, na hata nyama wenyewe hawapati usalama.

Sasa Itombwe, mlima wetu. Oktoba 2006 waziri alitia sahihi, na Itombwe ikawa hifadhi. Wenye vijiji hawakuulizwa, wakakataa. Ilibidi kuanza upya: wazee, wawindaji, wakulima na mashirika walitembea, wakaonyesha mashamba, makaburi na misitu, na mambo hayo yakawekwa kwenye ramani. Mwaka 2016 jimbo lilikubali mipaka mipya, hifadhi ya zaidi ya kilometa mraba 5,700. Kazi ilichukua miaka 10. Ilikuwa ndefu, lakini ilifanywa kwa maneno.

Na majani? Tangu zamani, wakati wa kiangazi wachungaji hushusha ng'ombe kutoka milima ya juu mpaka Lulenge na Ngandja. Walimpa mwenye udongo itulo, wakapewa njia na malisho. Tangu 2017 mapigano ya milimani yamechoma vijiji, ng'ombe wamenyang'anywa, na mapatano mengi yamevunjika. Mkulima analia mashamba yake yamekanyagwa, mchungaji analia ng'ombe wake wameibwa. Wote wawili wanasema kweli.

Msidanganywe kwamba watalii watajaa Fizi kesho. Kwanza usalama, kisha barabara, kisha mgeni. Lakini mapatano hayangojei watalii. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Sheria ya Februari 2014 juu ya ulinzi wa nyama na misitu inaomba wananchi waulizwe mbele ya kuweka hifadhi. Sheria ya 2022 inalinda haki za Batwa.

Kwa hiyo, ninyi wakubwa wa vijiji: msikubali mpaka wa hifadhi ao wa malisho wakati wenye mahali wako kambini. Mtume mtu awaulize, na yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi mliohama: ketini pamoja na wazee wenu, mtaje majina ya mito, vilima na njia za ng'ombe, na kijana mmoja aandike. Majirani wa kabila lingine nao waitwe, wakubali ao wabishe. Ramani isiyobishwa na jirani bado haijakwisha.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwenu, njia za ng'ombe zilipita wapi mbele ya vita, na nani alizikubali?
2. Nani hayuko kwenye mkutano huu, na udongo wake unazungumziwa?
3. Itulo ilipwe namna gani ili mkulima na mchungaji wote waione kuwa haki?