Rekodi ya ukuaji wa gawio

Rekodi ya ukuaji wa gawio ni mfululizo wa miaka ambayo kampuni imeongeza gawio kwa kila hisa. Kwa kampuni za viwanda, ambazo mauzo yake hupanda na kushuka pamoja na uchumi, swali la kwanza ni iwapo mfululizo huo ulistahimili mdororo. Urefu peke yake hauthibitishi mengi. Nyongeza iliyo chini ya mfumuko wa bei ni ukuaji wa jina tu. Kipimo kikali zaidi ni fedha taslimu zinazobaki baada ya kununua mitambo: gawio likizizidi, tofauti hutoka kwenye akiba, mikopo au mali iliyouzwa.

General Electric ya Marekani ndiyo mfano unaotajwa sana wa jinsi nyongeza peke yake zinavyoweza kupotosha. Mwaka 2009 ilishusha gawio la robo mwaka kutoka senti 31 hadi 10, punguzo la kwanza tangu 1938. Likapanda tena hadi senti 24, na waliotazama nyongeza hizo tu waliona kampuni iliyopona. Novemba 2017 likakatwa nusu, na mwaka uliofuata likatangazwa kuwa senti 1.