Uhamasishaji

Uhamasishaji ni kitendo cha kuwaamsha watu ili washiriki jambo la pamoja. Neno linatokana na hamasa, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ari au moto wa moyo. Kwa hiyo huhamasishwa mwenye moyo: mpiga kura, mkulima, mzazi anayepeleka mtoto chanjo.

Ugumu huanza kwenye ujenzi, ambako neno la Kiingereza lenye maana hiyo, mobilization, hutumika pia kwa mkandarasi anayejiandaa kuanza kazi. Kigongo, wilayani Misungwi, ni mfano mzuri. Jiwe la msingi la daraja la kuvuka Ghuba ya Mwanza hadi Busisi, upande wa Sengerema, liliwekwa Desemba 2019. Kabla ya nguzo kusimama, mitambo ilipaswa kufikishwa, kambi na karakana kujengwa, mafundi kuajiriwa. Kuita hatua hiyo uhamasishaji ni kosa, maana winchi haina hamasa. Kukusanya mitambo, au maandalizi ya awali, hueleweka zaidi. Daraja hilo la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Kabla yake wavukaji walitegemea vivuko.

Katika vita maana zote mbili hukutana. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, Tanzania iliita mgambo kuongeza nguvu ya jeshi, ikakusanya na magari ya kubebea askari.