Kisiwa cha Malta na Tabibu wa Karema

Mtu wa Kasekese akishikwa na homa katika kisiwa cha Malta hana haja ya mkalimani wa kumtafutia mganga. Akitamka neno tabibu wenyeji watamfahamu, kwani wao husema tabib. Akiuliza njia ya kwenda baharini, bahari kwao ni baħar; akitaka kitabu, kwao ni ktieb; na mauti, ambayo hayana mgeni wala mwenyeji, huitwa mewt. Lugha ya Kimalta ni chipukizi la Kiarabu lililokua karibu na Sicily na Italia, likanyonya maneno mengi ya huko, nayo huandikwa kwa herufi za Kirumi kama Kiswahili kiandikwavyo leo. Hivyo watu wawili ambao hawajapata kuonana, mmoja wa bara karibu na Ziwa Tanganyika na mwingine wa katikati ya Bahari ya Mediterania, wana maneno ya ukoo mmoja vinywani mwao.

Udugu wa maneno ni kazi ya wataalamu wa lugha kuueleza. Lakini neno hili moja, tabibu, lina habari nyingine, nayo inakifunga kisiwa hicho na Wilaya ya Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, wilaya ambayo Kasekese na Karema zote zimo ndani yake. Ni habari ya mtoto aliyeibwa kwao, akauzwa, akanunuliwa, akasomeshwa kisiwani, kisha akapelekwa kuponya watu wa nchi ambayo hakuijua hata kwa jina.

Kwanza yafaa kukitazama kisiwa chenyewe. Malta ni nchi ndogo. Visiwa vyake vyote pamoja vina eneo la kilometa za mraba 316 hivi, na kile kilicho kikubwa kina urefu wa kilometa 27 hivi tu. Ambapo Mkoa wa Katavi peke yake una kilometa za mraba zaidi ya 45,000. Kwa hiyo wageni waendao Malta kwa likizo huona kuwa juma moja latosha kukizunguka kisiwa, kukijua na kukiaga. Siku mbili za kwanza huishia Valletta, mji wenye ngome ulioanza kujengwa mwaka 1566, baada ya mashujaa wa Mtakatifu Yohane kuuvumilia mzingo wa majeshi ya Kituruki mwaka 1565. Siku ya tatu mgeni hupanda Mdina, mji mkuu wa kale, ambao jina lake ni lile lile la Madina. Siku ya nne huenda kutazama mahekalu ya mawe ya Ħaġar Qim na Mnajdra, yaliyosimamishwa kabla ya piramidi za Misri. Siku ya tano huvuka kwa chombo hadi kisiwa cha Gozo. Siku ya sita huenda kaskazini kwenye ghuba inayoitwa kwa jina la Mtume Paulo, ambapo mapokeo husema kuwa merikebu yake ilivunjika karibu na mwaka 60. Siku ya saba huoga baharini, hununua vitu vya ukumbusho, na kufunga mizigo.

Utaratibu huo hauna lawama. Mtu aliyekwenda kupumzika amekwenda kupumzika, na jua la kisiwa ni haki yake kama wengine. Hata hivyo katika Valletta yapo majumba mawili ambayo mgeni wa juma moja huyatazama kwa dakika chache, nayo yanastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi na mtu yeyote aliyezaliwa katika Afrika ya Mashariki.

Jumba la kwanza ni hospitali ya mashujaa hao, iliyoanza kujengwa mwaka 1574, na ambayo leo ni jumba la mikutano. Ukumbi wake mkuu una urefu wa zaidi ya meta 150. Zamani wagonjwa waliolazwa humo waliandaliwa chakula katika vyombo vya fedha, fukara kwa tajiri, kwa kuwa sheria ya chama chao ilimtaka shujaa amhudumie mgonjwa kana kwamba mgonjwa ndiye bwana. Mwaka 1676 mkuu wao, Nicolas Cotoner, alianzisha humo mafundisho ya maumbile ya mwili na upasuaji. Uganga wa Malta ulikuwa na umri wa miaka mia mbili na zaidi wakati mtoto wetu alipofika.

Lakini mashujaa hao hao walikuwa na merikebu za vita zilizovutwa kwa makasia na mateka. Walinasa watu baharini na katika pwani za Afrika ya Kaskazini, wakawauza, wakawafungia usiku katika magereza ya mji. Watumwa walibeba mawe yaliyojenga Valletta, na watumwa walifanya kazi za chini katika hospitali ile ile yenye vyombo vya fedha. Mwaka 1749 yaligunduliwa mashauri ya watumwa waliotaka kumwua mkuu wa kisiwa na kujikomboa. Waliopatikana na hatia waliteswa na kuuawa. Utumwa huo haukukoma mpaka mwaka 1798, Napoleon alipokitwaa kisiwa na kuwaachilia watumwa wake, ambao idadi yao yakadiriwa kuwa 2,000. Miaka miwili baadaye Waingereza walishika mahali pa Wafaransa, wakakaa hata Malta ilipojitawala mwaka 1964.

Jumba la pili ni chuo cha kale, kilichoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1592 na kufanywa chuo kikuu mwaka 1769. Huko ndiko alikosoma Adrian Atiman.

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tindirma, kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alikuwa mtoto mdogo alipotekwa na Watuareg, akauzwa, akavushwa Jangwa la Sahara pamoja na bidhaa nyingine. Katika miaka ya 1870 Mapadre Weupe walimnunua huko Metlili, kusini ya Algeria, wakamtoa katika mikono ya mabwana wake. Shirika la mapadre hao lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa kardinali na kuwa mmoja wa wahubiri wakuu wa vita dhidi ya biashara ya watumwa.

Lavigerie alikuwa na shauri lake. Aliona kuwa mapadre waliokuwa wakifa kwa homa katika nchi za maziwa makuu hawangeweza kuiponya Afrika peke yao. Alitaka wapatikane vijana Waafrika wafundishwe uganga wa Kizungu na dini, kisha wakaishi vijijini kama watu wa vijiji, kwa chakula kile kile na nyumba zile zile, wakioa huko na kuzaa huko. Kwa ajili hiyo alifungua nyumba ya wanafunzi Malta mwaka 1881. Vijana waliokuwa wamekombolewa utumwani walikaa humo na kuhudhuria masomo ya uganga katika chuo kikuu. Atiman alikuwa mmoja wao. Alikaa kisiwani tangu mwaka 1881 hata mwaka 1888.

Hapa msomaji na atulie kidogo apime mambo. Kisiwa ambacho mgeni hukimaliza kwa siku saba, kijana huyu alikaa ndani yake miaka saba. Alipita katika barabara zilizojengwa na watumwa, naye mwenyewe alikuwa mtumwa wa jana. Miaka tisini tu ilikuwa imepita tangu pingu za mwisho zilipofunguliwa kisiwani hata alipotoka na elimu yake mwaka 1888. Mahali palipokuwa soko la watu pamekuwa shule ya mtu aliyetoka sokoni. Mabadiliko ya namna hii hayatokei mara nyingi katika uhai wa kisiwa kidogo.

Mwaka 1888 Atiman alitumwa Afrika ya Mashariki. Alipita Unguja, akaingia bara pamoja na msafara, kwa njia ndefu ya miguu iliyojulikana na wapagazi wa Kinyamwezi kuliko na mtu mwingine yeyote. Ulikuwa mwaka wa mashaka: pwani ilikuwa imeanza kuwaka kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika.

Karema yenyewe ilikuwa na mambo yake. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, alijenga ngome hapo karibu na maji. Baada ya Mkutano wa Berlin upande huo wa ziwa ulihesabiwa kuwa wa Wajerumani, na mwaka 1885 ngome ikaachiwa Mapadre Weupe. Ziwa nalo, kana kwamba halikupendezwa na majirani hao, lilipungua na kujitenga na ngome, likaacha nchi kavu mahali palipokuwa na mawimbi. Hapo ndipo tabibu wa Malta alipoanza kazi.

Katika mwaka huo aliofika alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende. Ndoa hiyo ilikuwa jambo kubwa kuliko hati yoyote ya chuo. Mtu aliyekuwa hana baba wala mjomba katika nchi hiyo alipata wakwe, akapata mashemeji, akapata mahali pa kuketi watu wanapoketi. Mganga asiye na ukoo hupewa ugonjwa ulioshindikana. Mganga aliye mkwe wa watu hupewa ugonjwa ungali mchanga. Wala Atiman hakudharau elimu aliyoikuta. Alijifunza kwa waganga wa nchi miti na mizizi yao, akaitumia pamoja na mambo aliyofundishwa kisiwani. Alitibu watu wa Karema na vijiji vilivyoizunguka kwa miaka 67. Aliona bendera ya Wajerumani ikipanda na ikishuka, akaona ya Waingereza ikipanda, akafa mwezi wa Aprili 1956, miaka mitano kabla ya kuiona hiyo nayo ikishuka. Mwanawe Joseph alipewa upadre mwaka 1923. Habari za maisha yake zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946, na jumba moja la Dar es Salaam limeitwa kwa jina lake.

Ni rahisi kuisimulia habari hii kana kwamba ni hadithi yenye mwisho mwema tu. Historia, hata hivyo, hudai mizani. Atiman alikombolewa kwa kununuliwa, na aliyenunuliwa kwa wema bado amenunuliwa. Jina lake la ubatizo alipewa. Masomo yake yalichaguliwa na wengine. Alipomaliza, hakurudishwa Tindirma kumtafuta mama yake. Alipelekwa upande mwingine wa bara, mahali palipo mbali na Mto Niger kama vile Malta ilivyo mbali, au zaidi. Shauri la Lavigerie la kuwataka vijana hao waishi kama wanavijiji lilikuwa na hekima, kwani tabibu aliyejitenga na watu hatibu watu. Lakini lilikuwa shauri la kardinali, si la vijana. Katika utawala wa kikoloni mtu mweusi aliyepasua na kufunga majeraha kwa zaidi ya nusu karne alijulikana kwa cheo cha katekista tabibu, cheo ambacho hakikumweka sawa na daktari wa Kizungu.

Basi alikuwa huru au hakuwa? Jibu halipatikani Malta, wala halipatikani katika barua za kardinali. Huenda likapatikana katika hesabu ya miaka. Mtu ambaye hakuchagua kuja alikaa miaka 67. Wengi waliokuja pamoja na bendera walikwenda pamoja na bendera. Yeye alikuwa na mke Mbende, mtoto, wagonjwa na kaburi lililokuwa likimngoja, naye hakuondoka. Mwenye kupewa njia na wengine aweza kuifanya njia iwe yake kwa namna anavyoikanyaga, na katika maisha ya mtu aliyenyang'anywa mwanzo wake, huo ndio uhuru aliobakiwa nao kuutumia. Atiman aliutumia wote.

Leo Karema imejengewa bandari mpya, na watu wa Kasekese waendao ziwani watapita karibu na mahali alipofanya kazi mtu huyo. Huko Malta ndege huteremsha wageni wa juma moja, nao huingia katika ukumbi mrefu wa hospitali ya kale, hustaajabia urefu wake, kisha hutoka juani. Kama mmoja wao angetaka siku ya nane, ingefaa aambiwe kuwa kisiwa hicho kimeandikwa pia mahali pengine, kwenye ukingo wa ziwa lenye maji matamu, katika miili ya watu waliopona na ya wajukuu zao.

Neno tabibu lilifika pwani ya Waswahili zamani sana, likiletwa na majahazi na upepo wa kaskazi. Tabibu wa Karema alikuja kwa miguu.