Vipande Vitano au Sita?

Anayeanza kuandika programu za wavuti kwa Python hufikishwa mapema kwenye somo la kuichambua anwani. Anafundishwa amri mbili. Akiipa urlsplit anwani http://example.com/vitabu;toleo=2?ukurasa=5#sura3, anapata vipande vitano: itifaki, jina la mashine, njia, ulizo na alama ya mahali ndani ya ukurasa. Akiipa urlparse anwani hiyohiyo, anapata sita, kwa kuwa toleo=2 limetengwa na njia. Hicho cha sita kimetoka wapi?

Jibu la haraka ni kwamba amri moja ni ya kale na nyingine ni mpya. Halikunitosha, maana uzee peke yake hauzai kipande. Nikazifungua hati za viwango vya intaneti, nikaanza na namba 1738 ya Desemba 1994. Humo anwani ya http ina mashine, njia na sehemu ya utafutaji. Nuktamkato (;) ina kazi maalumu kwenye anwani za ftp, ambako hutaja aina ya faili. Kwa http imehifadhiwa tu, haikupewa kipande chake. Njia hiyo ikaishia hapo. Basi ni nani aliyeipandisha cheo?

Hati namba 1808, ya Juni 1995, ndiyo iliyofichua. Vipande sita vimeorodheshwa humo waziwazi, vigezo vya baada ya nuktamkato vikiwemo. Hata utaratibu wa kukata umepangwa: kata kwanza alama ya reli (#) na kinachoifuata, kisha itifaki, kisha mashine, ulizo na vigezo, kinachosalia ndiyo njia. Ni vipande vilevile vya urlparse. Lakini kama sita vilikuwa sheria, vitano vimezuka vipi?

Hati namba 2396, ya Agosti 1998, ilibadili hesabu: kila sehemu ya njia, kati ya mkwaju mmoja na mwingine, iliruhusiwa kuwa na vigezo vyake. Nikaijaribu urlparse kwa njia /a;b/c;d. Ilichukua d peke yake, ikaiacha b ndani ya njia. Yaani haikuifuata ruhusa hiyo ya 1998; bado ina nafasi moja tu ya vigezo, kama hati ya 1995. Januari 2005 ikaja namba 3986, yenye vipande vikuu vitano. Je, angalau hivyo vitano vilikuwapo tangu mwanzo?

Havikuwapo. Hati za 1994 na 1995 zinasema alama ya reli na kinachoifuata si sehemu ya anwani. Hati ya 2005 imeviingiza ndani. Hata hivyo, kivinjari hakivitumi kwa seva. Huvitumia chenyewe kutafuta mahali kwenye ukurasa. Na kama mpaka wa anwani wenyewe umehama, zile hadithi nyingine za somo hili zina uzito gani?

Nikaipima ile maarufu kuliko zote: kwamba mikwaju miwili (//) haina kazi. Ni kweli kwamba sarufi nyingine ingewezekana; anwani za mailto hazina mikwaju hiyo na barua hufika. Ni kweli pia kwamba mtindo huo ni wa kuazima: katika miaka ya 1980 kulikuwa na kompyuta za mtandao zilizotanguliza // kabla ya jina la mashine. Lakini nilipoifuta na kuipa urlsplit http:example.com/vitabu, nafasi ya mashine ilirudi tupu, na jina lote likahesabiwa kuwa njia. Mbunifu angeweza kuiacha. Je, programu iliyokwisha kuizoea ingeweza?

Ndiyo maana siamini tena somo linalotaja idadi ya vipande bila kutaja hati. Idadi haikuandikwa ndani ya anwani; iliamuliwa mezani, ikaamuliwa upya, na maamuzi hayo yakaacha amri zinazotofautiana. Amri uliyoichagua wewe inafuata uamuzi wa mwaka gani?