Nani analipa mwalimu? Safari ya shule za Ituri, toka misioni hadi kambi ya wakimbizi

BUNIA – Kila mwezi wa tisa, katika kata Lumumba kama kwenye kata zingine za mji, swali ni lile lile: mwaka huu shule itaomba ngapi? Tangu 2019 serikali inasema masomo ya msingi katika shule zake ni bure. Lakini familia zilizokimbia Djugu na Irumu zinajua kwamba hiyo bure ina mipaka. Sababu yake ilianza zamani, kabla ya vita.

Wakati wa Wabelgiji, serikali haikujenga shule nyingi yenyewe. Iliachia misioni kazi hiyo. Toka miaka ya 1920 ilitoa pesa kwa misioni za Katoliki, lakini shule za Protestanti, ambazo hapa Ituri zilikuwa nyingi, zilianza kupata msaada huo mwaka 1948 tu. Watoto wawili wa kilima kimoja, mmoja alisoma kwa pesa ya serikali, mwingine kwa sadaka ya waamini. Ubaguzi wa kwanza ulizaliwa hapo.

Kisha uhuru, kisha Mobutu. Mwaka 1974 alinyang'anya makanisa shule zao. Haikudumu. Februari 1977 serikali yake ilisaini mapatano ya kuwarudishia Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu usimamizi. Serikali ilibaki na deni la mishahara, makanisa yakabaki na funguo za shule. Mpaka leo shule nyingi za Ituri zinaishi chini ya mapatano hayo.

Deni halikulipwa vizuri. Miaka ya 1980 bajeti ya masomo ilishuka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Zayire ikiwa inaanguka, mshahara wa mwalimu haukutosha hata kununua chakula cha juma. Walimu waligoma, madarasa yakafungwa. Hapo wazazi na makanisa wakakubaliana: mzazi atoe kitu kidogo ili mwalimu asiache darasa. Ikaitwa prime. Ilikuwa dawa ya muda mfupi. Ilidumu karibu miaka 30.

Tatizo la prime ni kwamba inafuata mfuko wa mzazi. Mjini, mfanyabiashara anaweza kulipa, na mwalimu wake anaishi. Kijijini, mzazi anangoja avune maharagwe, na mtoto anafukuzwa kabla ya mavuno. Tena, sehemu ya pesa hiyo haikubaki shuleni: ilipanda juu, kwenye ofisi za elimu za serikali na za makanisa, ambazo nazo hazikuwa na pesa za kutosha za kufanyia kazi. Hivyo mkulima wa Djugu alisaidia kuendesha ofisi ambazo hajawahi kuziona.

Serikali nayo iligawa mishahara kwa kanda. Mwalimu wa Kinshasa alipata zaidi ya mwalimu wa mji mkuu wa jimbo, naye huyo alipata zaidi ya mwalimu wa kijijini, ingawa kazi na diploma ni moja. Kufuta kanda hizo kumekuwa dai la vyama vya walimu kwa miaka mingi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema wazi: masomo ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Sheria ya masomo ya 2014 ilirudia neno hilo. Lakini ni Septemba 2019, chini ya Rais Tshisekedi, ndipo prime ilikatazwa kweli. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kuunga mkono mpango huo.

Watoto walijaa madarasani. Lakini walimu ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha ya malipo, wale wanaoitwa «NP», yaani wasiolipwa, walipoteza vyote viwili: prime imekatazwa, mshahara haujaja. Walimu wa namna hiyo ni wengi vijijini, kwa sababu shule za vijijini mara nyingi zilifunguliwa na wazazi wenyewe, na kuandikishwa kunachukua miaka. Oktoba 2021 mgomo ulisimamisha tena shule nyingi za nchi.

Kwa Ituri, vita viliongeza mzigo. Toka Disemba 2017 vijiji vya Djugu vimechomwa, shule zimefungwa, na watu wamekimbilia Bunia, kwenye kambi kama Kigonze. Shule zingine zilihama pamoja na wanafunzi wao: wenyeji wanasoma asubuhi, waliohama wanasoma mchana kwenye madawati yale yale. Makaratasi yanaita shule hiyo ya kijijini. Watoto wako mjini. Pesa ya kuendesha shule inafuata makaratasi.

Tena, bure ya 2019 inaishia shule ya msingi. Mtoto akiingia sekondari, minervali inarudi, na baba aliyeacha shamba lake Djugu hana mavuno ya kuuza.

Toka 1948 hadi leo, kila mpango ulitangazwa kwa wote, ukafika kwanza kwa walio karibu na ofisi. Kuna mambo matatu ambayo hayahitaji sheria mpya: kuandika walimu NP wa vijijini kabla ya wengine, kufuta kanda za mishahara, na kufanya pesa ifuate mtoto pale alipo, hata kama yuko kambini. Mtoto aliyekimbia na daftari lake bado ni mwanafunzi wa Jamhuri.